Waya Mbili za Nyumba ya Kabuta

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu kubwa ni juu yangu mwenyewe. Naanzia hapo ili mtu asije akadhani nataka kumlaumu mwingine. Watu wa kijiji cha Kabuta wakisimulia habari ya nyumba ile husema nilimpiga mama mkwe wangu kwa kasia. Ni kweli, nilimpiga, tena mara mbili. Lakini kosa langu halikuwa kasia. Kosa lilitangulia, na hakuna aliyelisema, kwa sababu kila mtu aliliona kuwa ni adabu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka Katanga, upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, na aliyenivusha ni mke wangu. Alikuwa anakuja soko la kwetu kuuza samaki, akiongea Kiswahili cha biashara haraka kuliko wauzaji wote, na siku ya kwanza alinicheka kwa jinsi nilivyomshika samaki mkiani kama mtu anayetoa panya ndani ya nyumba. Basi, nikaoa. Kwao mume mpya huenda kukaa upande wa wakwe na kuwafanyia kazi mpaka wazee waridhike. Wengine hulima, wengine husuka nyavu. Mimi nilikuwa nimekaa miaka minne mgodini chini ya fundi wa umeme, kwanza nikibeba ngazi yake, baadaye nikifunga waya mwenyewe. Jembe lilinipasua viganja asubuhi moja tu. Wakwe walicheka mpaka wakakaa chini. "Huyu mukwe iko na mikono ya karani," walisema.

Kwa hiyo kazi yangu ikawa nyumba ya mama mkwe.

Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, baraza yake inatazama ziwa Mweru. Aliijenga muzungu mmoja mnunuzi wa samaki, na alipoondoka kabla sijafika alimwachia mama mkwe wangu, aliyewasimamia wanawake wake wa kutia samaki chumvi kwa miaka mingi. Muzungu yule alikuwa amejiwekea umeme wake, au kuran kama tulivyouita sisi. Juu ya mlingoti palikuwa na kinu cha upepo, na hatua arobaini nyuma ya nyumba palikuwa na kibanda chenye batri za kioo, kubwa kama ndoo. Ulikuwa umeme mdogo, volti thelathini na mbili tu. Kutoka kibandani mpaka nyumbani ulipita kwenye waya mbili za shaba, tupu, bila nguo yoyote, juu ya vijiti vifupi vinavyofika kifuani mwa mwanamke. Kati ya waya na waya ilikuwa shubiri moja. Ndani ya nyumba waya zilivikwa kitambaa kilichooza, panya wamekula nusu yake, na swichi zilikuwa ndimi za shaba zimepigiliwa kwenye vibao, hazina kifuniko. Ukitaka taa, unaushusha ulimi kwa kidole.

Nilipoziona mara ya kwanza nilisema, "Yo! Nani alifunga hii kitu?" Mgodini fundi wangu angenitupia ngazi kichwani kwa kazi kama ile.

Lakini watu wa nyumba ile hawakuwa na hofu yoyote. Umeme wao ulikuwa mpole. Wanawake walifuta zile swichi kwa kitambaa kilicholowa. Waliotaka kujua kama batri zimejaa walilamba kidole na kugusa, wakasikia kuwashwa kidogo, wakacheka. Mke wangu aliniambia kwamba mgeni akija, mama yake alimpeleka nje, akashika waya mbele yake na kusema, "Kuran ya hapa inanijua." Mgeni akikimbia, yeye anabaki anacheka.

Na zile waya mbili za nje ndizo zilikuwa kamba yake ya kuanikia makayabu, samaki wa chumvi. Alipasua samaki, akawatia chumvi, akawatundika nusu huku nusu kule, mkono mmoja umeshika waya huu ili usiyumbe, mkono wa pili unaweka samaki kwenye waya ule. Alifanya hivyo miaka na miaka, wakati muzungu yuko ziwani na mashua yake. Shaba ililiwa na chumvi ikawa kijani. Muzungu, kumbe, alikuwa akilalamika kila mara kwamba batri zake zinakufa upesi. Zingekosaje kufa? Samaki mbichi wenye chumvi walikuwa wanazinywa mchana kutwa.

Nilipofika mimi, kinu kilikuwa kimeanguka na batri zimekauka. Ndipo mjomba wa mke wangu, kaka wa mama mkwe, alipovuka kutoka upande wa Kongo na moteri ya kutoa umeme ndani ya mashua ya samaki, imefunikwa turubai kama maiti ya mtu mkubwa. Aliiteremsha na watu sita. Kisha akanipeleka pembeni.

"Mukwe," akasema, "unasema uko fundi ya kuran. Basi washa nyumba ya dada yangu. Siku ile taa itawaka, tutakuingiza."

Lazima nieleze kuingizwa, maana yote yanakaa hapo. Kabla hujaingizwa, mkwe wa kiume hasemi na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hali mbele yake, haingii chumba alimo. Mkikutana njiani, wewe unatoka njia, unaingia kwenye majani na kumpa mgongo mpaka apite. Ukitaka kumwambia neno, linapita kwa mke wako. Halafu inafika siku wanapika, wanakuita ndani ya nyumba, mama mkwe anakupa chakula kwa mkono wake mwenyewe na kukuambia neno lake la kwanza. Tangu hapo wewe ni mtoto wa nyumba. Hata kwetu ng'ambo heshima hii tunayo, nami nililelewa nayo, imo mwilini mwangu.

Nilikuwa nimekaa miezi kumi kwenye uwanja mmoja na mama yule, sisi kwenye kibanda cha pembeni, yeye kwenye nyumba, na sikuijua sura yake. Nilijua nyayo zake, kikohozi chake, sauti yake akiwatukana kuku. Nilikuwa nimechoka. Nasema wazi: nilichoka kuruka majani kama panzi kila nikitoka kwenda kunawa. Nilitaka kuingizwa kuliko nilivyotaka kitu chochote.

Nikafanya kazi. Ndani ya nyumba niling'oa waya zote za kitambaa, nikatupa zile ndimi za shaba, nikafunga swichi zenye vifuniko na ampuli mpya za taa, maana zile za zamani zingepasuka mara moja kwa nguvu ya moteri. Kazi ya ndani ilikuwa safi, hata leo sina aibu nayo. Lakini robota la waya nililokuja nalo kutoka Katanga liliishia hapo hapo ndani. Kwa zile hatua arobaini za nje sikubaki na kitu.

Mjomba alizishika zile waya mbili za kijani, akazivuta. "Hizi ziko nguvu. Zimebeba kuran miaka yote, hazikuua hata kuku. Funga tu, mukwe."

"Hapana, tata," nikasema. "Ile kuran ilikuwa mutoto. Hii ni mutu mukubwa."

Moteri ile ilitoa volti mia mbili na ishirini. Nilijua maana yake. Mgodini nilishaona mtu amebebwa kwenye machela kwa ajili ya waya uliochubuka pahali padogo kama ukucha. Nilijua kabisa. Lakini nguzo ndefu nilizoagiza kwa watu wa kijiji cha Kafutuma zilikuwa hazijafika, na mjomba alikuwa na haraka ya kurudi Kongo, nami nilikuwa na haraka yangu. Nikasema, tutajaribu taa kwanza, juma lijalo nitazipandisha waya juu. Juma lijalo! Nikilikumbuka neno hilo hata sasa natukana peke yangu, na wajukuu wananiuliza natukana nani.

Ilibaki habari ya samaki. Jioni nilimwambia mke wangu, "Muambie mama asiguse tena zile waya. Akigusa, atakufa."

Aliacha kusonga ugali, akanitazama. "Weye! Nimuambie mama yangu kwamba mukwe anasema atakufa? Unataka baseme unamuroga?"

Alikuwa na haki. Kumtajia mkwe kifo chake ni kumwapiza, na kumkataza kitu uwanjani kwake ni kujifanya bwana wake. Nikafikiri, nikayapamba maneno kama mtu anayeosha mchele. "Basi umuambie hivi: mukwe anaomba, kama inawezekana, zile waya za inje zipumuzike kidogo, maana zimezeeka. Samaki bakae pahali pengine siku chache."

Akaenda. Nilisikia wanazungumza ndani, kisha mama mkwe akacheka. Mke wangu akarudi. "Mama anasema asante kwa kuwaza. Hata yeye aliona zimechoka. Atapunguza."

"Atapunguza?"

"Ndiyo. Alikuwa anatundika makumi. Sasa atatundika batatu ao bane tu, na polepole."

Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Nilipaswa kusema, rudi ukamwambie hapana, hata mmoja. Lakini kumtumia mkwe neno lile lile mara mbili ni kumkemea. Nilijiambia atakuwa chini ufukweni na wanawake wake siku ya kujaribu. Nikala ugali wangu, nikanyamaza.

Siku ya kujaribu ilikuwa mchana, jua kali, ziwa limetulia. Mjomba nilimweka kwenye kibanda cha batri, tulikoiweka moteri. Mimi nilipanda ngazi kwenye baraza ndogo ya nyuma, zinakofikia zile waya, kushika taa ya nje ambayo ilikuwa inalegea. Mke wangu nilimweka ndani kwenye swichi ili awashe na kuzima nikimwambia. Hebu ona akili yangu: kinywa kimoja tu nilichokuwa nacho cha kusemea na mama mkwe, nikakifungia ndani ya nyumba.

Moteri ikaguruma. Ampuli ikawaka mbele ya uso wangu, kwenye jua, lakini ikawaka. Mke wangu akapiga vigelegele vikajaa vyumba vyote. Nilicheka peke yangu pale juu. Nilisema moyoni, kesho kutwa nakula ndani ya nyumba hii.

Halafu nikamwona mama mkwe akizunguka pembe ya nyumba na beseni.

Nilimwona kwa pembe ya jicho, kitenge chake na beseni, na mikia ya samaki watatu. Watatu tu. Alikuwa amepunguza. Na mimi nilikuwa juu ya ngazi, juu ya kichwa cha mama mkwe wangu, na kaptula iliyopasuka, aibu juu ya aibu. Mwili wangu ulifanya kile ulichofundishwa tangu utoto. Haukuniuliza. Niligeuza uso, nikautazama ukuta.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Muda wa kusema Baba yetu uliye mbinguni, na kufika kwenye mkate wetu. Niliona tofali mbele yangu lina ufa na chungu wanaingia. Nilijua anakokwenda. Kichwa kilijua, nasema tena, kichwa kilijua, na shingo ilikataa kugeuka. Nilikuwa nangoja apite, kama njiani.

Nikasikia beseni linaanguka.

Nilipogeuka alikuwa amesimama kati ya vijiti, mkono huu kwenye waya huu, mkono ule kwenye waya ule, hapigi kelele. Mdomo wazi, hautoi sauti. Nikapiga kelele mimi. "Acha! Mama, acha!" Hilo ndilo neno langu la kwanza kwake, amri, na hakuweza kulitii. Nilimwita mjomba azime, lakini moteri ilikuwa inanguruma na yeye anaisikiliza kwa furaha. Nikaruka. Barazani palikuwa na kasia, kavu, siku mbili halijagusa maji. Nililichukua nikampiga mikononi. Mkono mmoja haukuachia. Nikampiga tena kwa nguvu zangu zote, akaanguka chali juu ya samaki wake.

Wakati huo mke wangu alitoka nje, vigelegele bado mdomoni, akaniona nimesimama juu ya mama yake na kasia limeinuliwa.

Ee Mungu wangu. Uso ule siwezi kuuandika.

Tulimpeleka dispensari kwa baiskeli inayobeba samaki, tumemfunga na kitenge mgongoni mwa mjomba asianguke, mimi nikikimbia nyuma. Alikuwa anapumua. Njia yote niliangalia mgongo wake kuona kama unapanda na kushuka. Mkono wa kulia ulikuwa umeungua kiganjani mpaka nyama nyeupe, na wa kushoto mfupa ulivunjika juu ya kiwiko. Ule ulikuwa kazi yangu, ule mfupa.

Maneno yalienea ufuko mzima kabla ya jua kutua. Mtu kutoka ng'ambo amempiga mkwe wake. Ndugu walikutana, wengine wakataka nirudishwe kwetu na kasia langu. Mjomba alisimama akasema alichokiona baada ya kuzima moteri, kwamba bila kasia dada yake angekuwa kaburini. Baadhi walikubali. Waliniuliza kama nina neno. Nilitaka kuwaambia kuhusu ukuta na lile tofali lenye ufa, lakini nilitazama nyuso zao nikajua hawatanielewa. Wangeniambia, ulifanya vizuri kugeuka, ni heshima. Nikasema sina neno.

Mke wangu alikaa siku tano bila kusema nami. Siku ya sita aliniuliza jambo moja tu: "Ulimuona akikuja?"

"Nilimuona."

Aliendelea kunipikia, lakini aliweka sahani chini na kuondoka.

Mimi nilizishusha zile waya mbili siku ile ile ya kwanza, nikazikatakata vipande vifupi na kuvitupa ziwani kwenye kina kirefu. Nguzo za Kafutuma zilipofika nilizisimamisha, na mjomba alileta waya mpya wenye mpira kutoka Kongo, nikauvusha juu, hata mtu mrefu akinyoosha mkono haufikii. Sikufurahi. Nilifanya kazi kama mtu anayefukia shimo ambalo mtoto ameshaangukia.

Mama mkwe alirudi baada ya miezi miwili. Nilimsikia akikohoa uwanjani, nikajificha nyuma ya kibanda, nikalia. Juma lile lile alituma neno kupitia mke wangu. Hakuomba ruhusa kwa ndugu, aliamuru tu: mukwe aingizwe.

Nilidhani watakuja watu wengi. Walikuwa wachache, mjomba na wanawake wa chumvi. Taa ilikuwa inawaka sebuleni, taa yangu. Niliingia nimeinamisha kichwa, nikaketi kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza nikaona mikono yake karibu. Mkono wa kushoto ulikuwa umepona ukiwa umepinda kidogo. Wa kulia vidole viwili vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja, havifunguki. Kwa mkono huo alikata kipande cha ugali, akakichovya, akaninyooshea. Ilibidi nikipokee kwa mikono yangu miwili kisianguke.

"Mukwe, inua uso," akasema.

Nikainua. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya mke wangu.

"Siku ile nilikuona," akasema. "Nilikuona kule juu ya ngazi, ukanigeuzia mugongo. Nikasema mu roho yangu, kumbe mutoto yangu amepata mutu wa heshima. Nilifurahi sana. Njo sababu nilikuwa nacheka wakati nilishika waya."

Mjomba alitikisa kichwa kwa kuridhika, na mwanamke mmoja akapiga makofi taratibu, kama inavyofanywa neno zuri likisemwa.

Nilimtazama mke wangu mlangoni. Yeye peke yake hakupiga makofi.

"Kula, mwanangu," mama mkwe akasema, akakata kipande cha pili.

Nilikula mpaka sahani ikaisha, maana siku hiyo mkwe haachi kitu.